Mkanda Wenye Uzi Mwekundu

Mikononi mwangu ndege haianguki. Waulize wanachama wote wa klabu yetu ya ndege za rimoti, huku Jutland ambako upepo umepanga chumba na hauna nia ya kuhama. Nani anatua kama unyoya? Asger. Nani ana miaka kumi na tisa na hajawahi kuleta keki? Asger huyo huyo. Maana sheria ya kweli kwetu ni moja, nyingine ni mapambo: ukiangusha ndege, Jumapili inayofuata unaleta keki ya tabaka yenye malai, unasimama mbele ya watu, na huku unaikata unasimulia ulivyoiangusha. Mimi keki za pale nimezila za kila mtu. Za Birthe nimekula mbili.

Ndiyo maana Mzee Evald alinichagua mimi.

Mzee Evald ametengeneza matrekta ya watu maisha yake yote, lakini siku hizi mikono inamtetemeka, hata kahawa anajaziwa nusu kikombe. Majira yote ya baridi alijifungia katika chumba cha kufulia akiunda ndege, ya mbao nyepesi, rangi ya manjano, mabawa marefu kama mtu aliyelala. Mkewe, Mama Tove, akawa anaanika nguo sebuleni na kupita katikati ya soksi kwenda kutazama taarifa ya habari. Siku alipopaka rangi, Mzee Evald aliandika TOVE chini ya bawa la kulia na TOVE chini ya la kushoto. Nguo zikasamehewa.

"Nataka niione hewani," aliniambia Jumamosi aliponikabidhi ndege nikaijaze betri chaji. "Mara moja tu, roho yangu itulie. Mikono yangu hii ingeitikisa mpaka mabawa yaombe likizo. Irushe wewe."

Kisha akafungua kifuniko cha tumboni kunionyesha betri inavyokaa. Chini yake kulikuwa na kipande cha velkro, ile inayonata na kubanduka kwa kelele. "Hiyo ni ya kuizuia isiteleze tu," akasema. "Kinachoifunga ni mkanda huu, nao wa velkro. Unaupitisha juu, unauvuta, unakaza. Halafu ukiishika betri ukainyanyua, ndege yote iinuke nayo. Isipoinuka, hujafunga." Bako la mkanda, kile kipande cha chuma cha kukazia, lilikuwa limefyatuka, na Mama Tove alikuwa amelishona upya kwa uzi mwekundu uliobaki kwenye mapambo ya Krismasi. Mshono mzuri, mnene, wa mtu asiyependa kurudia kazi.

"Nimeelewa, mzee," nikasema. Na nilikuwa nimeelewa. Hapo ndipo pabaya.

Jumapili asubuhi nikaipakia ndege kwenye baiskeli ya mama, ile yenye sanduku mbele. Nilikuwa nimevaa suruali mpya, pana, ya kuonwa na watu. Baiskeli ya mama haina kinga ya mnyororo tangu ilipovunjika, na kabla sijapita duka la mkate mnyororo ulikuwa umeshaanza kuitafuna suruali. Nikasimama. Nikatafuta kitu cha kuifungia. Tumboni mwa ndege kulikuwa na mkanda umelala bila kazi. Nikaufunga mguuni, juu kidogo ya kiatu, nikaendesha raha mustarehe mpaka uwanjani.

Watu walikuwa wamejaa. Habari ya ndege ya Mzee Evald ilikuwa imesambaa, hata wale wanaokuja kwa ajili ya soseji tu walikuja mapema. Mama Tove alikuwa na chupa ya kahawa na mikate ya mdalasini. Mzee Evald alikuwa amevaa tai. Tai, uwanjani, na upepo ule!

"Haya, mlete mtoto nimcheulishe," akaita Birthe.

Birthe ni dereva wa basi na ndiye msimamizi wa uwanja. Kucheulisha ni desturi yetu: ndege ngeni hairuki mpaka ipinduliwe kichwa chini na kutikiswa kwa nguvu na mtu ambaye si yeye aliyeweka betri. Kisipodondoka kitu, inaruhusiwa.

"Ngoja nimpe maziwa kwanza," nikamjibu. Watu wakacheka. Nikapiga magoti, nikafungua kifuniko, nikaingiza betri, nikanyoosha mkono kuchukua mkanda.

Mkanda ulikuwa mguuni mwangu.

Ningeweza kuuvua. Ilikuwa kuinama tu. Lakini velkro ukiibandua inapiga kelele kama mtu anayechana shuka, na Birthe alikuwa amesimama pale pale, na mdomo wa Birthe naujua. Angesema, "Jamani, njooni mwone, mkanda wa mzee umegeuzwa kibanio cha suruali!" Ningeitwa Suruali mpaka nioe. Na Mama Tove angeona mshono wake umepakwa grisi ya baiskeli. Basi nikaikandamiza betri juu ya kile kipande cha velkro. Ikanata. Nikaisukuma kwa kidole, haikusogea. Nikafunga kifuniko.

"Leta basi," akasema Birthe.

"Nimeshamcheulisha nyumbani."

"Nyumbani ni nyumbani. Hapa ni hapa."

"Dada Birthe, keki mbili ni zako. Zangu ngapi?"

Watu wakaguna kwa kicheko, "Oooh!" Birthe akawa mwekundu, akainua mikono. "Haya, bingwa. Rusha."

Mzee Evald akanisogelea, akauliza kwa sauti ndogo, "Umekaza mkanda?"

"Umekazwa, mzee."

Hata uongo nilijitahidi uwe nadhifu.

Ndege ikakimbia kwenye majani, ikainuka. Jamani, iliruka! Ilipanda bila kuyumba, ikageuka juu ya barabara, ikarudi na jua mgongoni, na wote tukasoma TOVE, TOVE, ikipita. Mama Tove akajiziba mdomo kwa mkono ulioshika mkate. Mzee Evald alikuwa ameinua kichwa akiifuata kwa macho. Mikono yake, sijui kama kuna mwingine aliyeona, ilikuwa imetulia.

Ikapita mara ya pili. Akanigusa bega. "Inatosha, Asger. Ishushe, mwanangu. Nimeiona."

Ningeishusha hapo, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini watu walikuwa wanatazama.

"Subiri kidogo, mzee. Bado hujaona kitu."

Nikaivuta ipige duara, ipande, ilale chali, ishuke. Ilipanda vizuri. Ilipofika juu kabisa, tumbo likitazama mbingu, injini ikakatika ghafla na nikaona kifuniko kinapeperuka kama karata. Halafu kitu cheusi kikatoka tumboni kikaanza kuanguka peke yake, kizito, bila haraka. Kikaniachia mkononi rimoti ambayo haikuwa inaongea na mtu tena. Nilisukuma vijiti vyote. Ndege ikaja na pua mbele, ikaingia katika shamba la kanola la jirani. Kanola, ule mmea wa mafuta, ilikuwa imechanua. Manjano imezama ndani ya manjano. Ukasikika mlio mmoja mkavu, kama mtu amekalia kikapu.

Hakuna aliyecheka. Hata Birthe.

Tuliingia shambani wote, maua mpaka kifuani. Betri tuliiona kwanza, imejichimbia udongoni. Ndege tuliikuta mbele kidogo, mabawa mawili, kila bawa na TOVE yake, na katikati vijiti. Mzee Evald akapiga magoti, akaingiza kidole tumboni mwa ndege pale mkanda unapopita.

"Haupo," akasema. "Mkanda umekatika ukaruka."

"Bako," akasema mtu nyuma.

Sote tukageuka kumtazama Mama Tove. Alikuwa amesimama na chupa yake ya kahawa, sijui kwa nini aliingia nayo shambani.

"Nilipitisha uzi mara tatu," akasema. "Nilidhani tatu zinatosha."

"Si kitu, Tove," akasema Mzee Evald.

"Ungeninunulia mpya, si nilikwambia? Ila mimi nikajitia nitashona."

"Nimesema si kitu." Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ngumi. Mikono yake ilikuwa imeanza tena. Alijaribu kuokota kijiti kimoja, kikamponyoka mara mbili, nikakiokota mimi nikampa. Akanishukuru. Alinishukuru mimi!

"Tuutafute huo mkanda," akasema Birthe, "tuone umekatikia wapi."

Tukautafuta. Na mimi niliutafuta. Niliinama, nikapangua maua, nikasema, "Huku haupo," na kila hatua nilisikia bako likinigonga kifundo cha mguu. Nilikuwa na maneno mdomoni, nilikuwa nayo kabisa. Kila nilipofungua mdomo yaliingia maua.

Tulipotoka, Birthe akajaribu kuchangamsha watu. "Sasa keki ni ya nani? Rubani hana kosa."

"Ni yangu," akasema Mama Tove. "Kosa la mshonaji."

Na mimi, Mungu anisitiri, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Basi iwe na stroberi, Mama Tove."

Watu wakacheka, kicheko cha kupumua. Hata yeye alitabasamu. Wote tulikuwa tumepakaa chavua ya manjano, na yeye, kama walivyo mama wa umri wake, hakuweza kuvumilia kuona mtu mchafu. Akaanza kutupangusa. Mzee Evald mabega. Birthe mgongo. Akafika kwangu, akanipiga-piga kifuani, akashuka.

"Suruali nzuri hivi," akasema, "na angalia ulivyoifanya."

"Acha tu, Mama Tove, nitajipangusa."

"Simama wima."

Akainama. Mkono wake ukapangusa goti, ukapangusa muundi, ukasimama. Niliona utosi wake mweupe, maua matatu yamenasa kwenye nywele. Kidole chake kikapita polepole juu ya bako, juu ya uzi mwekundu, kikihesabu: mara moja, mara mbili, mara tatu.

Hakuniangalia.

"Evald," akaita, akiwa bado ameinama, "njoo uone. Mshono wangu umeshika."