Betri ya Dorca

Yule samaki mbuta aliyemeza nanga ya feri alikuwa na kilo mia mbili siku ya Jumatatu. Kufikia Ijumaa alikuwa amegonga mia nne, na bado alikuwa anakula.

Aliyekuwa akimlisha ni Mzee Absalom, kwa mdomo wake mwenyewe, katika yadi ya vyuma chakavu ya Bwana Badru mtaani Obunga, Kisumu. Miaka ishirini na saba Absalom alishika kamba kwenye feri ya Luanda Kotieno, ile kamba ya kufungia chombo gatini, na alipostaafu alirudi nchi kavu na mgongo mbovu na hadithi zisizo na idadi. Sasa alichambua takataka kwa Badru: waya huku, shaba kule. Mikono ilichambua, mdomo ulivua. Mbuta huyo, alisimulia, aliivuta feri nzima kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno, injini imezimwa, abiria wanakula njugu, halafu nahodha akajipa sifa zote.

"Uongo, mzee," Wafula alikuwa akisema kila mara, ameegemea mkokoteni wake.

"Uongo? Muulize kiboko. Alikuwemo, amekata tiketi."

Hapo Winny, mama wa plastiki, alikuwa akicheka mpaka anakaa chini juu ya gunia lake, naye Absalom anainama tena kwenye waya zake, uso mzima umejaa furaha ya mtu aliyeshikwa akiiba hadharani.

Jioni ilikuwa habari nyingine. Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta, viti viwili ambavyo kimoja hakikuwa na kazi tangu mkewe Dorca afariki, na redio. Jua likizama, stesheni ya Kijaluo husoma matangazo ya vifo: fulani wa Sondu, mume wa fulani, baba ya fulani na fulani, atazikwa Jumamosi nyumbani kwake. Absalom aliyasikiliza yote, amevua kofia. Wengi hakuwajua, lakini aliwajibu hata hivyo. Pole, ndugu yangu. Nenda salama, mama. Wewe nakukumbuka, nilikuvusha ukiwa na mbuzi aliyekuwa anaogopa maji. Jina la Dorca lilisomwa kwenye redio hiyo hiyo miaka minne iliyopita, na msomaji akakosea jina la kwao. Tangu hapo Absalom hakukosa hata jioni moja, kana kwamba ipo siku watarudi kulisahihisha.

Redio hiyo ilitumia betri moja ya mviringo, nene kama kidole gumba cha mkulima, ya aina ile inayopatikana ndani ya taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Zamani wavuvi walibeba karabai za mafuta. Siku hizi wana taa za betri, na zikifa huletwa kwa Badru kwa magunia, kutoka Luanda Kotieno, kutoka Port Victoria. Badru alikuwa ameandika masharti yake ukutani kwa rangi nyekundu: ziba ncha kwa mkanda, usigonge, usianike juani, iliyovimba ifukiwe kwenye pipa la mchanga mkavu. Hizi si betri za tochi ya babu, aliwaambia. Hizi zina moto ndani, umelala tu.

Absalom aliyasoma masharti hayo kwa heshima ile ambayo mvuvi mzee humpa mtoto anayetaka kumfundisha kuogelea. Yeye alikulia nyumba ambayo betri haitupwi. Ikichoka, inaanikwa juu ya bati pamoja na omena. Ikikataa, inang'atwa ubavuni au inagongwa kwa jiwe, na redio inaimba siku mbili zaidi. Nani ufuoni asiyejua hivyo? Basi aliiba, au tuseme aliazima, betri moja kutoka gunia la Port Victoria, akaibandua nailoni yake, na kwenye chuma akakwaruza kwa msumari: DORCA. Ilimpa miezi mitatu. Ilipoanza kuchoka aliing'ata. Jino likatikisika, chuma hakikusikia. Ndipo akaigonga kwa jiwe mara tatu, ikaingia kishimo ubavuni, akaipeleka yadini na kuiweka juu ya bati la banda. Ilikuwa adhuhuri, na jua la Kisumu lilikuwa limekaa utosini.

Badru alikuwa amekwenda kuswali. Winny alikuwa kwa mama wa chapati. Wafula alikuwa upande wa pili wa banda akipakua katoni, na Absalom alikuwa kivulini, macho kwenye bati lake, akipiga hesabu ya jioni.

Kwanza alisikia mlio kama wa mtu anayefungua soda. Kisha moshi mweupe, wenye harufu tamu mbaya. Kisha betri ile ikaruka kutoka kwenye bati ikiwa na mkia wa moto, kama chura aliyekalia makaa, ikatua katikati ya rundo la katoni.

Majirani walikuja na ndoo, wakaja na sepetu na mchanga. Moto ulizimwa ukarudi, ukazimwa ukarudi. Wafula aliingia ndani ya moshi mara mbili kuyaburuta nje magunia ya betri, kwani hayo yangeshika pasingebaki yadi wala majirani, na alipotoka mara ya pili hakuwa na nyusi. Kufikia alasiri nusu ya banda ilikuwa imelala chini, pamoja na plastiki ya Winny ya miezi miwili, iliyoyeyuka ikawa kitu kimoja cheusi kisicho na jina.

Badru alisimama mbele ya majivu, kanzu imelowa. Hakupiga kelele. Aliwatazama mmoja mmoja, na jicho lake likasimama kwenye sikio la Wafula, palipokuwa na kipande cha sigara, kama siku zote.

Wafula alisema hakuwasha. Alikuwa akiivuta nje ya geti, kila mtu anajua, hajawahi kuwasha ndani. Badru akasema moto hauji na miguu yake. Wafula akamgeukia Absalom, uso wake usio na nyusi ukiwa kama wa mtoto.

"Mzee, wewe ulikuwa umekaa hapa. Umeniona nikivuta?"

Absalom aliangalia chini. Palikuwa na kizibo cha chupa karibu na kiatu chake, akakitazama sana kile kizibo.

"Mimi nilikuwa nimesinzia," alisema.

Katika uongo wote aliowahi kusema, huo ulikuwa mdogo kuliko wote, na ndio wa kwanza kuaminiwa. Badru alimwambia Wafula asirudi, naye akautoa mkokoteni wake getini bila kumtazama mtu. Gurudumu lake la kushoto lilikuwa linalia, na lilisikika mpaka barabarani.

Jioni hiyo Absalom alikaa mbele ya redio iliyokufa. Saa ya matangazo ilipofika alivua kofia, kwa mazoea. Kupitia ukuta alisikia mtoto wa jirani akifanya hesabu za shule kwa sauti. Alijaribu kuwawazia wale waliokuwa wakisomwa jioni hiyo, akawapa majina na mbuzi na watoto, lakini wote walikuwa na uso mmoja, na uso huo haukuwa na nyusi. Aliweka kofia kwenye kile kiti cha pili, akaitoa tena.

Yadini pia hakukuwa tena na mtu wa kumwambia, "Uongo, mzee." Winny alichambua kimya, akianza upya kutoka gunia la kwanza. Siku ya tatu Absalom alikwenda kwa Badru, kofia mkononi, akaeleza yote: betri, msumari, jiwe, bati, mkia wa moto.

Badru alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu kwa huzuni.

"Una roho nzuri, mzee. Unataka kumwokoa kijana. Lakini hadithi yako safari hii haina hata kiboko."

"Na hiyo betri," Winny aliuliza kutoka kwenye magunia yake, bila kuinua kichwa, "ilikuwa na kilo ngapi?"

Absalom alicheka pamoja nao, kwa sababu ndivyo walivyozoeana. Alipokuwa anarudi kwenye waya zake miguu ilikuwa mizito kama imefungwa kamba ya feri. Alikuwa amefungua mdomo na kutoa jambo la kweli, na likageuka kambale, likateleza mkononi mwake.

Kesho yake alichukua sumaku ya spika, ile wanayoifunga kwenye kamba kuvulia misumari, akaingia kwenye majivu. Aliwaambia anatafuta vyuma, na hakuna aliyemuuliza. Aliivuta sumaku polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayekokota nyavu. Ikaja na misumari, vizibo, springi ya godoro, bawaba. Siku nzima ikapita. Usiku hakumwota Dorca, aliyaota majivu. Siku ya pili, karibu na nguzo iliyoungua, sumaku ikanyanyua kikopo cheusi cha chuma, kirefu kama kidole gumba, mdomo wake umepasuka. Ubavuni kulikuwa na kishimo. Absalom alikitemea mate, akakisugua kwa pindo la shati, akasugua tena. Herufi nne zilijitokeza. Ya mwisho ilikuwa imeliwa na moto.

Alikiweka juu ya meza ya Badru, kando ya mizani. Badru alikishika kwa kucha, akakigeuza kwenye mwanga, akasoma. Jina hilo alilijua. Alikuwa amefika mazishini, akasimama nyuma na kofia yake ya kufuma kichwani, mtu pekee aliyetoka yadini.

"Na siku ile," Badru aliuliza taratibu, "ulikuwa umesinzia?"

"Sikusinzia."

Badru alingoja yanayofuata, kwa kuwa kwa Absalom daima kulikuwa na yanayofuata. Hayakuja. Nje Winny alikuwa ameacha kuchambua.

"Nilipaswa kukufukuza," Badru alisema mwishowe. "Lakini nikikufukuza utaenda kuanika betri kwa nani? Kuanzia kesho wewe ndiye wa betri. Peke yako, kule kwenye ua, nyuma ya mchanga. Mtu mwingine asikusogelee hatua kumi. Na ukuta wangu uusome."

Kisha akachukua simu, akampigia Wafula.

Walimjengea ukuta wa magunia ya mchanga, wa kumfika kifuani, mapipa matatu ndani yake, na paa la makuti ya kukinga jua. Huko Absalom alikaa na mkanda wake, akiziba ncha moja baada ya nyingine, akizilaza kwenye mchanga kwa uangalifu wa mtu anayelaza watoto wa watu. Iliyovimba aliifukia peke yake. Hakugonga hata moja. Saa nne Winny alimletea chai, akaiweka juu ya gunia la nje, akarudi kwake.

Siku moja Absalom alishindwa kuvumilia. Akamwambia kwa sauti kwamba mbuta sasa amefika kilo mia sita, na ameanza kunyoa ndevu.

"Ni mkubwa kweli, mzee," Winny alijibu, kwa upole.

Absalom aliishika chai yake mpaka ikapoa. Wote walikuwa hivyo sasa. Alichosema kilipokelewa, kikakubaliwa, kikawekwa chini. Hata kiboko alipopanda feri na kulalamikia nauli, mchuuzi mmoja wa shaba alitikisa kichwa na kusema pole. Kumbe mtu anaweza kutamani hata kuambiwa mwongo. Jioni alirudi chumbani, akakaa, akasikiliza hesabu za mtoto wa jirani. Betri nzuri ziliuzwa dukani, hatua ishirini kutoka mlangoni pake. Hakununua.

Wafula alikuwa amerudi siku ya Jumatatu, nyusi zikichomoza kama majani baada ya mvua ya kwanza. Badru alimwomba radhi mbele ya watu wote. Absalom naye alimwomba, mara mbili, na mara zote mbili Wafula alimsikiliza huku akikaza kamba ya mkokoteni, kisha akaenda zake. Gurudumu la kushoto bado lililia, kwa hiyo Absalom alijua kila saa alipo, getini, kwenye mizani, barabarani, na siku nzima alilifuata kwa masikio.

Mwezi ulipoisha, lilikuja gunia la taa za omena kutoka Port Victoria, na hakukuwa na mwingine wa kulileta mpaka kwenye mchanga. Gurudumu lililia likikaribia. Wafula alilinyanyua gunia, akalishusha juu ya ukuta polepole, kama inavyotakiwa.

Absalom hakuinua macho. Alikuwa na betri mkononi na mkanda kwenye meno.

"Port Victoria," aliiambia ile betri. "Huko ndiko mbuta wangu alikozaliwa. Siku hizi ana kilo mia nane. Juzi ameniandikia barua."

Wafula alikung'uta mikono. Aliugeuza mkokoteni, na gurudumu likaanza kulia tena, likienda. Likapita plastiki ya Winny. Likapita mizani. Absalom aliziba ncha ya kwanza, akaigeuza betri kuziba ya pili.

Gurudumu likanyamaza.

"Uongo," sauti ya Wafula ilisema kutoka upande wa pili wa katoni.

Absalom alisimamisha mkono. Alingoja neno la pili, lile "mzee" la heshima, ambalo zamani lilifuata. Halikuja. Aliukata mkanda kwa meno, akaubana vizuri kwa kidole, akailaza betri mchangani.

"Muulize kiboko," alisema, kwa sauti ya kufika hatua kumi na zaidi kidogo.