Maji Kinywani mwa Chiriku

Katika nyumba yetu swali halijawahi kukaa peke yake. Ukiuliza chumvi iko wapi, unajibiwa na watu watatu kwa pamoja, na mmoja wao yuko bafuni. Ndiyo maana sikushangaa sana mjukuu wangu alipokuja kuniambia kwamba huenda akakosa leseni ya ualimu kwa sababu ya kujibu.

Mjukuu huyu tunamwita Chiriku tangu alipoanza kutamka maneno, maana alipoanza hakupumzika. Nimemlea mimi, pamoja na mjomba wake, mwanangu wa mwisho, ambaye ni kinyozi. Kinyozi naye ni wa ukoo huo huo. Mteja akiketi kwenye kiti chake, kabla hajasema anataka kunyolewaje, ameshanyolewa.

Siku Chiriku anajiandikisha chuo kikuu nilimsindikiza. Kitivo cha Elimu kilikuwa na dirisha kwa kila somo la kufundishia, na hata bila kusoma vibao ungejua nani anasimama wapi. Foleni ya Hesabu ilinyooka kama imepigwa rula. Foleni ya Michezo ilikuwa inarukaruka. Wa Kemia walikuwa wananusa chupa ya mtu. Wa Historia walibishana nani alitangulia kufika. Foleni ya Jiografia, somo la mjukuu wangu, ilikuwa imepotea. Tuliikuta nyuma ya jengo.

Karani wa dirisha hilo aliona miguu yangu imechoka, akajaribu kunipitishia kiti chake pale dirishani. Kiti kikakwama. Yeye akavuta ndani, mimi nikavuta nje, mwishowe tukakiacha hapo hapo tukacheka. Huku anacheka akanieleza.

"Somo kila mtu lake, mama, lakini mlango wa kutokea ni mmoja. Mwaka wa mwisho wote wanapelekwa shuleni kufundisha, na mhadhiri anakuja anakaa nyuma ya darasa anawatazama. Leseni inapatikana pale, na inapotelea pale."

Miaka ilipita vizuri. Mitihani ya kuandika Chiriku aliifaulu yote, kwa kuwa karatasi ukiijibu haikasiriki. Ila mhadhiri alipokuja kumtazama akifundisha shuleni kwa mara ya kwanza, mtoto alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Akakaa jikoni, juu ya kigoda changu.

"Bibi, kaniambia nimefundisha vizuri sana darasa la mtu mmoja."

"Mtu gani huyo?"

"Mimi."

"Sasa wewe si ndiye mwalimu?"

"Ndiyo shida yenyewe. Nauliza swali, kisha najibu mwenyewe. Anasema wanafunzi wangu wangeweza kubaki nyumbani na somo lisingejua. Atakuja tena mara moja tu. Nikijibu tena maswali yangu mwenyewe, leseni hakuna, narudia mwaka mzima."

"Kwani ukiwauliza, wao hawana midomo?"

"Wanayo, Bibi. Lakini wananitazama. Wananitazama kwa macho yale ya kuomba, nami nawaonea huruma, basi nawasaidia."

"Na yule rafiki yako wa Hesabu, yeye anafanyaje?"

"Yule akiuliza swali anasubiri mpaka kengele inalia. Nusu ya darasa inasinzia. Lakini kafaulu!"

Nilimwangalia mjukuu wangu, mke mwenzangu wa utani, midomo inamtetemeka kwa kuzuia kilio, nikajua kwamba hapa pole peke yake haitoshi. Nikamwita mjomba wake. Kinyozi akafunga duka mapema, akamleta na jirani yetu mshonaji, ambaye alikuja na nguo ya mteja mkononi na pini mdomoni. Tukapanga viti sebuleni, tukawa darasa.

Chiriku akasimama mbele ya kabati la vyombo. "Haya wanafunzi. Nani ataniambia, mawingu hutokana na nini?"

Kinyozi akatazama dari. Mshonaji akatazama pindo. Mimi nilikuwa najua jibu, maana nilishasomewa daftari lile mara nyingi, lakini nikajizuia.

"Hutokana na mvuke!" akasema Chiriku.

"Aa! Ningejibu!" kinyozi akalalamika.

"Ungejibu lini, mjomba?"

"Nilikuwa njiani!"

Tukajaribu dawa za kila aina. Mshonaji alisema ajifinye paja. Akajifinya, akajibu huku analia. Kinyozi alileta kibanio cha nguo, akambana midomo. Jibu likatokea puani, na tukalielewa vizuri sana. Tukamwambia ageukie ukuta asione macho ya huruma. Akaujibu ukuta.

"Huyu haponi," kinyozi akasema. "Mwana wa nyoka ni nyoka."

"Nyoka ni nani?" nikamuuliza.

"Mimi, mama. Nilikuwa najisema mimi."

Mtoto akachoka, akachukua kikombe akanywa maji. Wakati huo huo mshonaji akauliza kama kuna mtu ameona mkasi wake. Nyumba ikanyamaza. Kinyozi na mimi tulikuwa tunautafuta kwa macho, na Chiriku, aliyeuona ukiteleza chini ya mto wa kiti alasiri ile na anajua vizuri ulipo, alituangalia mashavu yamevimba. Hakusema neno.

"Usimeze!" nikapiga kelele.

Hakumeza. Mshonaji akazunguka meza, akainua mto, akauona mkasi wake mwenyewe. Na furaha aliyoipata mama yule kwa kuuona mwenyewe! Akaubusu.

Tangu hapo dawa ikawa hiyo. Chiriku anauliza, anapiga funda la maji, anasubiri. Jibu likitoka kwa mwanafunzi, anameza, anasema, "Vizuri sana." Mazoezi yalikuwa magumu, hasa kwa choo chetu, maana kinyozi hakuwa mwepesi wa kujibu na mtoto alikunywa maji ya kutosha kuosha gari. Lakini ilifanya kazi. Hata kinyozi alianza kujua mawingu.

Siku ya mhadhiri ikafika. Chiriku alivaa sketi aliyoshonewa na jirani bila hata kuombwa, akabeba ramani zake na chaki zake, akatubusu wote, akaondoka. Nikaanza kufuta meza. Chupa ya maji ilikuwa juu ya meza, imejaa, imefungwa vizuri.

Sikubadilisha hata kanga. Shule haiko mbali, lakini mwenye magoti yangu huipata mbali. Mlinzi wa getini aliponiona ninavyohema hakuniuliza kitambulisho. Alinishika mkono mpaka mlangoni mwa darasa, akasema taratibu, "Ndilo hili, mama. Pumua kwanza."

Nikachungulia. Chiriku alikuwa ubaoni, amechora mlima mkubwa, upande mmoja ameujaza miti na upande wa pili ameuacha mtupu. Nyuma kabisa alikaa mhadhiri, mwembamba, miwani puani, kalamu tayari. Nilifika wakati mjukuu wangu amemaliza kuuliza swali. Mkono wake ulikuwa unapapasa meza kutafuta chupa. Haikuwepo. Nikaona midomo yake inaanza kufunguka.

Nikainua chupa juu, mlangoni pale, kama mtu aliyeshinda kombe.

Darasa zima likageuka. Chiriku akaja mbio, akaipokea kwa mikono miwili, akapiga funda. Mhadhiri naye akainuka. Nikadhani ananifukuza, kumbe ananiachia kiti chake. "Karibu mzazi," akanong'ona, kisha akaenda kujibana kwenye benchi la wanafunzi karibu na njia ya katikati, magoti yakamfika kidevuni. Alikaa na msichana mmoja mdogo wa mwili, ambaye baadaye niliambiwa hakuwahi kusema neno darasani tangu mwaka uanze.

Somo likaenda. Chiriku anauliza, anapiga funda, wanajibu, anameza. Mwanafunzi mmoja wa mbele akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mwalimu anaumwa jino."

"Usimsumbue basi, jibu wewe," mwenzake akasema.

Basi wakamhurumia. Kila alipovimba shavu, watoto wale walikuna vichwa na kunyoosha mikono ili mwalimu wao asipate taabu ya kuongea. Chiriku alikuwa akiwahurumia wao siku zote. Sasa zamu yao ilikuwa imefika, na niliona wanaifurahia.

Akafika kwenye swali kubwa. "Upepo unatoka baharini na mvuke wake. Unaupanda mlima. Upande huu unapata mvua. Sasa, kwa nini upande wa pili ni mkavu?"

Akamalizia maji yote ya chupa, mashavu yakawa kama maboga, akaanza kutembea polepole katikati ya madawati. Kimya. Hakuna aliyejua. Macho ya kuomba yakaanza kumfuata kila upande. Akafika karibu na benchi la mhadhiri. Hapo ndipo yule msichana mdogo akanyoosha kidole nusu, akasema kwa sauti ya kupasuka:

"Mwalimu, ni kama kwetu. Kaka zangu wakitangulia kwenye sufuria, sisi wa nyuma tunakuta ukoko."

Mimi nilicheka. Darasa lilicheka. Na Chiriku, maskini, alicheka.

Maji yote yakamwagikia mhadhiri. Miwani, tai, shati, mapaja, vyote. Aliyekaa naye hakupata hata tone, maana mhadhiri alimkinga.

Kukawa kimya ambacho sijawahi kukisikia katika ukoo wetu. Chiriku alisimama kama nguzo, tone moja likining'inia kwenye kidevu chake. Nikasema moyoni, leseni imekwenda na maji. Msichana mdogo akavua skafu yake, akampa mhadhiri ajifute. Kisha akamchungulia mgongoni.

"Mwalimu," akasema, "mbele amelowa, nyuma ni mkavu."

Mhadhiri akajipapasa mgongo. Akainuka kutoka kwenye benchi lile, na benchi likainuka naye kidogo, akajitoa. Akageuka taratibu ili darasa lote lione.

"Mlima ni nani?" akauliza.

"Wewe!" wakapiga kelele.

"Na upepo?"

"Mwalimu!"

"Basi nyuma yangu ni pakavu kwa nini?"

Kimya tena. Na sasa nikaona hatari yenyewe. Chupa ilikuwa tupu. Kinywa cha mjukuu wangu kilikuwa kikavu kuliko mgongo wa mhadhiri, na jibu analijua, na watoto wanamtazama yeye kwa macho yale yale. Akanitazama mimi. Nilikuwa sina cha kumpa. Nikaweka tu kidole mdomoni, kama nilivyokuwa nikimfanyia utotoni mjomba wake akiwa amelala.

Chiriku akafumba midomo. Akasubiri. Shingo ilimcheza, vidole vya miguu vilijikunja ndani ya viatu mpaka vikaonekana, lakini alisubiri kavu kavu, bila tone.

"Maji yalikwisha upande wa mbele," msichana mdogo akasema. "Kufika nyuma, upepo hauna kitu."

"Vizuri sana," akasema Chiriku.

Kengele ilipolia, mhadhiri alituita kwenye ofisi ya walimu. Alikaa karibu na dirisha ili akauke. Akaifuta miwani kwa muda mrefu.

"Wewe mwenyewe unaonaje?" akamuuliza Chiriku. "Umefaulu?"

Kisha akanyamaza, akasubiri. Chiriku naye, kwa kuwa sasa ameshaipenda ile kazi, akanyamaza akasubiri. Wakatazamana. Nikamtazama huyu, nikamtazama yule. Nje wanafunzi walicheza, wakamaliza, wakaanza mchezo mwingine.

"Jamani!" nikasema. "Amefaulu au hajafaulu? Nimeacha sufuria jikoni!"

"Amefaulu, mama," mhadhiri akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ila mwalimu, mara nyingine subiri bila maji. Nimeona kwamba unaweza."

Tuliporudi nyumbani kinyozi alikuwa mlangoni, kitambaa cha kunyolea begani, mteja amemwacha nusu kichwa dukani.

"Enhe, vipi? Amefaulu?"

Chiriku akanikonyeza. Tukanyamaza, tukasubiri.

"Hajafaulu," kinyozi akajijibu. "Najua. Nyuso hizi nazijua. Usilie, mjomba. Utarudia mwaka, nami nitarudia na wewe. Nitafunga duka mapema kila jioni, nitakaa kwenye kiti kile, utaniuliza mawingu mpaka yachoke yenyewe mawingu. Hata kibanio nitajibana mimi."

Alisema hayo yote bila kupumua, macho yamemlowa. Chiriku akamrukia shingoni.

"Nimefaulu, mjomba!"

"Umefaulu!" Akamzungusha, akamweka chini, akakuna kichwa. "Lakini ngoja kwanza. Mimi mpaka leo sijaelewa. Upande wa pili wa mlima ni mkavu kwa nini?"

Chiriku akafungua kinywa. Nikawahi kumpa kikombe.