Tumbo la Mpira

Mwanalima alikuwa ananawa mikono kwa mara ya tatu aliposikia jina lake likiitwa. Miaka tisa amezalisha wanawake katika hospitali hii ya Kismayo, na leo anaogopa mwanasesere.

Mwanasesere mwenyewe alilazwa mezani uchi, mwanamke wa plastiki mwenye tumbo la mpira. Ndani mlikuwa na kizazi, mtoto, na mfuko wa maji mekundu yanayosukumwa na pampu. Ukikata vibaya anavuja damu kama binadamu. Kufa hafi, unayeanguka ni wewe.

Dakta Athmani, msimamizi aliyekuja na sanduku la mtihani kutoka Nairobi, alishika karatasi na saa. "Dakika kumi, mtoto atoke na damu ikome. Ukipita, wewe na vifaa vya upasuaji mnakwenda Koyama wiki hii."

Koyama ndicho kisiwa aliko mdogo wake, Rawda, mwenye mimba ya miezi minane. Uzazi wa kwanza alipasuliwa, na wakunga wa kisiwani walishasema huu wa pili hawaugusi.

"Anza."

Hofu ikamwachia mikono ifanye ilichozoea. Ilichukua shuka safi pembeni, ikamfunika mwanasesere mapaja, ikachomeka ncha chini ya nyonga, kushoto na kulia, kama wanawake wa visiwani wanavyotaka kabla hawajakubali kuguswa na kisu. "Bismillahi," alinong'ona kwa lahaja ya kwao visiwani. "Tulia mwanangu, hapana mchu wa kukuona."

Alipoinua macho, dakika moja na nusu imeshakwenda. Akakata tabaka kwa tabaka, akamtoa mtoto wa mpira, maji mekundu yakafurika hadi kwenye viatu vyake. Akashona huku jasho linamwingia machoni. Mwisho pampu ikasukuma, na hapakutoka hata tone.

"Kazi safi," alisema Dakta Athmani. Kisha akatazama saa. "Lakini dakika kumi na moja. Usingemfunika, ungepita."

"Mwanamke wa kwetu hapasuliwi akiwa uchi, Dakta. Atakataa."

"Najua. Hata mamangu angekataa. Karatasi haina mahali pa kuliandika hilo."

"Basi nirudie jioni. Tafadhali."

"Sanduku linafungwa saa tisa. Litarudi mwakani, wafadhili wakipenda."

Akatia sahihi. Walioandika karatasi ile walimpima kwa mwanamke asiye na haya, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzalisha Koyama. Vifaa vya upasuaji vya Koyama vilibaki vimepangwa kando ya ukuta, nailoni yake haijatolewa.

Nje, simu ililia. Alikuwa Rawda.

"Dada, umepasi? Niwaambie wachu?"

Mwanalima alijibanza ukutani. "Kuna boti ya kuja huku kesho?"

"Ipo, lakini bahari mbaya. Kwani kuna nini?"

"Panda, Rawda. Usingoje uchungu."