Dorothy Uani, Dorothy Majini

Athanase aliileta mashua nyumbani Acocks Green, mtaa mmoja wa Birmingham, Jumamosi moja mwanzoni mwa machipuko, ikiwa juu ya trela nyuma ya gari la kuazima. Alipoiingiza kinyumenyume ilijaa uwanja wote wa mbele, kutoka ukuta wa jirani mpaka kwenye mapipa ya taka, na tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, ikasimama karibu kabisa na dirisha la sebule. Mkewe Nabintu alikuwa ndani akikunja nguo. Alipoinua macho, badala ya barabara aliona tezi nyeupe na jina lililoandikwa kwa rangi ya buluu: Dorothy.

Alitoka na shuka mkononi, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama walivyozoea kuitana.

"Papa Héritier, iyi sasa itakuya kulala fasi gani?"

"Hapa, siku chache tu," Athanase alisema. "Nimejiandikisha kule marina, kwenye maegesho ya mashua. Nafasi ikipatikana kwenye gati, inaenda majini. Mashua ni ya maji, Mama Héritier."

Nabintu aliitazama tena, akarudi ndani kumalizia nguo zake.

Athanase aliinunua kwa mzee mmoja waliyefanya naye kazi miaka mingi kwenye ghala kule Nechells, ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia kupanda na kushuka. Haikuwa kubwa. Ilikuwa na mlingoti mmoja unaolazwa chini wakati wa safari, matanga mawili, na chumba kidogo ambamo watu wawili wangeweza kulala kama wanapendana. Lakini Athanase alizaliwa kisiwani Idjwi, katikati ya ziwa Kivu kule Kongo, na tangu aje Uingereza alikuwa hajawahi kuwa na kitu kinachoelea. Usiku ule aliinuka mara mbili kuchungulia dirishani.

Nabintu naye alitoka Bukavu, ukingoni mwa ziwa lilelile, ila ziwa lilimwachia jambo lingine. Wakati wa vita, akiwa msichana, alivushwa na mama yake katika mashua iliyojazwa watu hadi maji yakawa yanachungulia ndani. Katikati ya safari watu waliingiwa na hofu wakasimama, na mashua ikalala upande. Walifika wote, ndiyo, lakini Nabintu alifika akiwa ameshika nguo ya mama yake kwa nguvu hata vidole vikakataa kufunguka. Baada ya hapo alipanda ndege, alipanda treni, lakini chombo cha majini hakukanyaga tena. Hata siku bintiye Précieuse alipotaka wapande boti za watalii kwenye mfereji mjini, Nabintu alibaki kwenye daraja akiwapungia mkono. Athanase alilijua hilo na hakuwahi kumlazimisha. Aliamua tu, bila kulisema, kwamba mashua itakuwa yake peke yake.

Siku chache zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Marina ile ilikuwa ndogo, kando ya bwawa kubwa nje ya mji, na waliopata nafasi kwenye gati hawakuwa na haraka ya kuziachia. Kwa hiyo kila alipotaka kusafiri Athanase alifunga trela kwenye gari, akaendesha mpaka bwawani, akasimamisha mlingoti, akafunga kamba moja baada ya nyingine, akaishusha mashua kwenye mteremko. Alipomaliza, mara nyingi upepo ulikuwa umekwisha enda zake. Jioni alianza kufungua yote aliyoyafunga asubuhi.

"Asubuhi nzima nafunga, jioni nzima nafungua," alimlalamikia mkewe. "Wale wenye nafasi kwenye gati wanakuya na chupa ya chai, wanafungua kamba mbili, voilà, wameenda. Mashua nchi kavu ni kama mbuzi sebuleni."

"Mbuzi anakojoa," Nabintu alisema. "Hii angalau imetulia."

Alichokuwa hajamwambia mumewe ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuingia ndani ya Dorothy.

Ilianza kwa usafi. Mvua za Birmingham zilikuwa zimeiotesha mashua ukungu wa kijani, na kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa kinakuja kusali nyumbani kwake. Nabintu hakuwa mtu wa kupokea wageni na kitu kichafu mlangoni. Alileta ngazi, ndoo na brashi, akasugua ubavu mmoja, akasugua wa pili. Kisha akaona aibu kusafisha nje na kuacha ndani. Alifunua turubai, akaingia kwa magoti, na kwa mara ya kwanza akakiona kile chumba: viti viwili virefu vilivyotazamana, jiko la moto mmoja, kidirisha cha mviringo. Alikaa kupumzisha mgongo. Hakuna kilichotikisika. Chini yake kulikuwa na magurudumu ya trela, na chini ya magurudumu kulikuwa na zege. Mvua ilianza kupiga turubai, na Nabintu, ambaye kutwa nzima huitwa huku na huku katika nyumba ya kulelea wazee anakofanya kazi, alisikia kwamba hakuna anayemwita.

Kesho yake alirudi na kikombe cha chai. Baadaye akaleta mto. Kitambaa cha kitenge kilichobaki alipomshonea Précieuse gauni kikawa mapazia. Rafiki yake Kwamboka, Mkenya waliyefanya naye kazi, alipokuja kumtembelea akamkuta humo, alipanda ngazi akicheka.

"Haki Nabintu, umejipatia bedsitter, chumba chako mwenyewe! Na mzee anajua?"

"Anaona mapazia. Anafikiri ni ya kuzuia jua."

"Wanaume!" Kwamboka akajibwaga kwenye kiti cha upande wa pili, akavua viatu. Wakashinda humo mpaka chakula cha mchana.

Katikati ya kiangazi simu ikalia. Alikuwa Sukhjinder, mwanamke aliyesimamia ile marina. Mtu mmoja alikuwa anahamia Scotland na nafasi yake kwenye gati ilikuwa wazi. Kama Athanase bado anaitaka, ni yake. Athanase aliingia jikoni karibu anacheza.

"Imepatikana! Jumamosi naipeleka."

Nabintu alikuwa anakoroga ugali. Hakugeuka. "Haiendi."

"Unasema?"

"Nasema Dorothy haiendi."

Athanase alidhani ni utani, akacheka, halafu akaona kwamba anacheka peke yake. Précieuse, aliyekuwa mezani na kompyuta yake, aliwatazama wote wawili, akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yeye anakwenda juu.

"Juu ya nini haiendi, Mama Héritier? Miezi yote hii ulisema inakuzibia mwanga."

"Nilisema zamani." Nabintu aliepua sufuria, akafuta mikono. "Sikiliza. Ikiwa hapa, ni yako na ni yangu. Mimi naingia mule, nakunywa chai yangu, nasali, nalala kidogo. Nimeizoea. Ukiitia majini inakuwa yako peke yako, na mimi nabaki tena kwenye daraja nawapungia mkono."

Athanase alivuta kiti akakaa. Alikumbuka mapazia, mto, kikombe alichokikuta siku moja kwenye jiko la mashua akadhani amekisahau mwenyewe.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza. Ulikuwa unaangalia mlingoti."

Hawakugombana zaidi. Walikula, na baada ya chakula Athanase akaosha vyombo, jambo ambalo hulifanya akiwa anafikiri. Mwishowe akasema, "Twende tuione hiyo fasi kwanza. Mimi na wewe. Ukisema hapana, namwambia Sukhjinder ampe mwingine."

Jumapili baada ya ibada walikwenda. Sukhjinder alikuwa mwanamke mwenye miguu mirefu na maneno ya moja kwa moja. Hakujaribu kuwauzia kitu. Aliwaambia kwamba mashua ikikaa majini huota majani chini, inahitaji kupandishwa na kusuguliwa, na upepo ukivuma mwenye nayo hulala na wasiwasi. Ikikaa nchi kavu inabaki safi, ila mwenyewe huchoka kabla hajaanza safari. Wengi pale, alisema, huziweka majini miezi ya joto, na baridi ikianza huzirudisha nyumbani. Kisha akainyooshea mkono mashua moja ya mwisho.

"Yule bibi mwenye kofia, amekuwa hapa tangu mimi sijaanza kazi. Sijamwona akipandisha tanga hata siku moja. Anakuja kusoma."

Nabintu alimtazama yule bibi. Alikuwa amekaa kwenye mashua iliyofungwa kamba mbele na nyuma, miguu juu, kitabu mapajani. Nabintu alivuta pumzi akakanyaga gati. Lilikuwa la kuelea, likatikisika. Alimshika mumewe mkono, akasimama mpaka mtikisiko ukatulia. Akapiga hatua nyingine. Walifika nafasi iliyo wazi, wakayatazama yale maji ya kahawia yaliyokuwa yanasubiri kitu.

"Kamba mbili?" akauliza.

"Mbili. Nne ukitaka."

"Na mimi nikiwa ndani hufungui hata moja, mpaka niseme."

"Mpaka useme."

"Na baridi ikianza inarudi kwangu."

"Inarudi."

Ndivyo Dorothy ilivyokwenda majini. Siku ya kwanza Nabintu aliingia akatoka papo hapo. Ya pili alikaa mpaka chai ikapoa. Mashua ilikuwa inapumua chini yake, tofauti na kule uani, na mwanzoni kila ilipotikisika alishika kiti. Lakini mapazia yalikuwa yaleyale na mto ulikuwa uleule, na polepole mwili ukaelewa. Athanase alipokuja peke yake alisafiri mpaka akatosheka, maana sasa ilikuwa kufungua kamba na kwenda. Walipokuja pamoja alikaa naye gatini, akila njugu, na hakugusa kamba. Kwa uso wake ungeona anatamani, lakini hakugusa.

Mchana mmoja Nabintu na Kwamboka walitoka kazini wakaenda bwawani wenyewe kwa gari la Kwamboka. Walipasha sambusa kwenye lile jiko dogo. Upepo ulianza kama mchezo, mara ukazidi, na kamba ya mbele, ambayo siku hiyo Nabintu alikuwa ameifungua akaifunga tena ili inyooke vizuri, ikaachia. Omo, yaani sehemu ya mbele, ikaondoka gatini. Dorothy ikazunguka taratibu, ikabaki imeshikiliwa na kamba ya nyuma tu, ikielekeza pua yake katikati ya bwawa.

"Woi! Tumeenda!" Kwamboka akapiga kelele. "Mungu wangu, mimi sijui kuogelea!" Akaanza kuinuka.

"Kaa!"

Nabintu mwenyewe alishtushwa na sauti yake. Kwamboka akakaa.

"Usisimame. Mtu yeyote asisimame. Kaa chini kabisa, shika pale."

Akili yake ilikuwa wazi. Alitambaa mpaka nyuma, akaishika kamba iliyobaki kwa mikono miwili, akaanza kuvuta, mshiko baada ya mshiko, kama anavyovuta shuka chini ya mgonjwa mzito. Dorothy ilikataa, kisha ikakubali. Tezi ikagusa gati. Sukhjinder, aliyekuwa amesikia kelele, alikuja mbio; Nabintu akatambaa hadi mbele, akamtupia kamba iliyoachia, naye akaidaka na kuifunga kwa fundo lake mwenyewe.

"Umefanya vizuri sana," Sukhjinder alisema huku akihema. "Nimeona watu wenye vyeti vya ubaharia wakiruka majini kwa kitu kama hiki."

Nabintu alitaka kujibu, badala yake akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na Kwamboka, aliyekuwa bado amekaa sakafuni na sambusa iliyovunjika mkononi, akamwangalia kama mwenda wazimu, halafu akacheka naye. Baada ya hapo Nabintu alimpigia simu mumewe ghalani.

"Papa Héritier. Nimesafiri."

"Umesafiri wapi?"

"Karibu na gati. Lakini nimesafiri." Akaitazama ile kamba ya mbele. "Jumamosi uifungue."

Jumamosi kulikuwa na jua na upepo mwepesi. Walivaa majaketi ya kuokolea, Athanase akafungua kamba ya mbele, akamtazama mkewe, mkewe akaitikia kwa kichwa, akafungua ya nyuma. Tanga likajaa bila kelele. Nabintu alikaa chini kabisa, mkono mmoja umeshika ukingo, mpaka walipoipita mashua ya yule bibi msomaji. Bibi akainua kofia. Nabintu akauachia ukingo ili ampungie.

Walipofika katikati, upepo ukakata. Tanga likalegea, maji yakalala kama kioo, na Athanase akaanza kujitetea.

"Ni kawaida hiyo. Usiogope. Kuna injini ndogo, naiwasha sasa hivi, tunarudi."

Nabintu alikuwa amefungua mfuko wa chakula. Alitoa hindi la kuchemsha, akalikata vipande viwili, akampa kimoja. Alitazama nyumba za upande wa pili, bata waliokuwa wanakuja kuomba, na mikono yake mwenyewe, iliyokuwa imetulia mapajani.

"Acha kwanza," alisema. "Kula."