Lilian Anaiambia Sakafu

…na huyu mtoto mbona anaiambia sakafu, Ma Anatolia akawaza, kisu kikimenya ndizi chenyewe maana mikono ilishajua kazi tangu Nshamba, kabla hajaolewa huku Kashozi, Kiingereza kinatiririka, haelewi hata neno lakini kutiririka anakusikia, tatizo shingo, imeinama kama ya kuku anayetafuta mchwa, na kesho saa nne Lilian anasimama tena chuoni kutoa hotuba ya mtihani, mara ya pili na ya mwisho, akishindwa anarudia mwaka mzima, mwalimu wake Madam Salma alishamwambia, "Unatushawishi tusing'oe mibuni, halafu hututazami, nani akuamini?", na Ma Anatolia aliposimuliwa alicheka mpaka jirani Magdalena akauliza kulikoni huko, akamweleza yote pale pale kwenye migomba, akatia na chumvi yake, mtoto akanuna siku mbili…

"Shangazi, unanisikiliza?"

Nasikiliza, mwana wange, endelea… yeye mwenyewe sokoni Bukoba anamkamata mteja kwa macho, baba, unanipita hivi hivi hata kunisalimia, mtu akigeuka tu ameshanunua mkungu, na shule yenyewe aliishia la tatu, sasa huyu msomi kuinama huku kakutoa wapi… kisu kikasimama. Ta Karugendo. Baba mkwe wake, siku ile amekuja kuwatembelea, Lilian ana miaka saba, ndiyo kwanza kaka yake Ma Anatolia amemleta alelewe hapa, akapiga magoti vizuri, kahawa ya kutafuna kaileta kwenye kisahani, halafu akamkodolea mzee macho, akamwuliza, babu, mbona pua yako ina nywele, na nani alimvutia jikoni akamfinya sikio, nani alimwambia mtoto wa kike mwenye adabu anatazama magoti yake, tena si siku moja, kila akija mgeni, akajisifu na kwa Magdalena, huyu nimemnyoosha… kumbe si Kiingereza, si Madam Salma, ni vidole hivi hivi vyenye utomvu, na mtoto akatii, miaka kumi na minne anatii, lakini ngoja, anayeshika hivyo si mjinga, lililoingia kwa sikio litatoka kwa sikio, mbona yeye Ma Anatolia anapiga magoti kwa wakwe na sokoni anawakazia watu macho na adabu yake iko palepale, ila hilo la pili hakumfundisha, alidhani mtoto ataliokota mwenyewe… kicheko kikampanda, akakimeza, hiki hakiendi kwa Magdalena.

"Nianze tena?" Lilian akauliza, macho kwenye vidole vya miguu.

"Anza. Ila leo nitazame mimi, usoni. Sikufinyi."

Lilian hajainua kichwa bado, chungu kinatokota, Ma Anatolia amejiweka sawa kwenye kigoda, ameuweka uso wake pale ambapo mtoto akiinua macho, ataukuta.