Mtoto wa Sura ya Saba

Kitabu changu mwenyewe kiliwekwa juu ya kaunta yangu mwenyewe, katikati ya fremu za miwani, na binti yangu akaniambia, "Mama, hiki ndicho tunachosoma muhula huu. Cha upelelezi. Mwandishi wake hajulikani ni nani, na mwalimu anataka tumtafute."

Nilikuwa nimeshika bisibisi ndogo ya kukazia fremu. Iliniponyoka ikaingia chini ya kabati.

"Mnamtafuta wa nini? Amewaibia?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama. Tunasoma sura moja, halafu tunachunguza maisha yake. Kila kikundi kina eneo lake."

Nikamwambia aondoe kitabu chake pale, wateja wanataka nafasi. Hapakuwa na mteja hata mmoja.

Niseme wazi mapema, maana sipendi kumzungusha mtu. Mwandishi ni mimi. Niliiandika riwaya ile hapo hapo dukani, nyuma ya mashine ya kukatia lenzi, wakati binti yangu akiwa chekechea. Nikaitia jina la kubuni, la kiume, nikampelekea mchapishaji kwa sharti moja, kwamba asinitaje hata ashikiwe panga. Ikauzwa kidogo, ikasahaulika, nami nikashukuru. Nani angejua kwamba miaka yote hiyo baadaye mwalimu wa fasihi angeiokota sijui wapi na kuipeleka darasani, tena darasa la binti yangu?

Na binti yangu si wa kumzaa. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Dada alikufa kwa kuanguka kwenye ngazi za nyumba yake, au ndivyo mumewe alivyosema, na polisi wakaona inatosha. Mimi nikaona haitoshi. Nilipochoka kupiga kelele nikaandika riwaya, na humo nikampa shemeji kitu ambacho hakuna aliyetaka kumpa, mpelelezi. Mtoto nilimchukua kabla hajaota meno. Baba yake hakunizuia, alikuwa na haraka ya kuoa. Nikahamia mji mwingine, mtoto akaanza kusema, na neno lake la kwanza likawa mama, huku ananitazama mimi. Ningemsahihisha? Wewe ungeweza? Basi.

Baba yake nilimwambia alikufa. Hilo nalo silijutii.

Nyumbani namwita Wakili, kwa sababu ya ubishi. Ukimwambia mvua inanyesha atatoka nje kuhakikisha. Na mwalimu wake, kijana mmoja mwenye tai fupi na bidii ndefu, alikuwa amepata mtu wake. Alibandika karatasi kubwa ukutani akaigawa kwa mstari katikati. Upande mmoja akaandika *Kabuni*, upande wa pili *Kaona*. Kila kilichomo katika riwaya kinaandikwa kwenye kadi, wanafunzi wanajadili kama mwandishi alikitunga au alikishuhudia, na wakishindwa kuelewana wanapiga kura. Mwandishi mwenyewe walimbatiza Bwana Fumbo. Bwana! Nilicheka peke yangu jikoni, halafu kicheko kikanikauka.

Walimpigia simu mchapishaji, sauti imefunguliwa darasa zima lisikie. Akawaambia mwandishi hataki kujulikana. Hapo ndipo alipowatia wazimu. Ukitaka watoto wachimbe mahali, waambie wasichimbe.

"Mama, Bwana Fumbo ni mtu wa miwani," Wakili akaniambia wiki iliyofuata, amekaa kwenye kiti cha wateja na kukizungusha. "Katika sura ya nne mpelelezi anaanza kumshuku mume kwa sababu miwani ya marehemu ilikutwa imekunjwa juu ya meza. Mtu haoni hatua mbili mbele, atashukaje ngazi bila miwani? Na lenzi zenyewe amezieleza vizuri mno. Hujui fundi yeyote anayependa kuandika?"

"Mafundi hawana muda wa upuuzi. Huyo ni daktari wa macho. Madaktari ndio wenye majivuno ya kutunga vitabu."

"Hmm. Inawezekana." Akaandika daktari.

Nikajipongeza, lakini roho ilikuwa juu juu. Miwani ile niliitengeneza mimi, zawadi yangu kwa dada nilipohitimu ufundi. Hakuwa akiivua mpaka awe kitandani. Nilipofika asubuhi ile niliikuta mezani, imekunjwa vizuri, na dada alikuwa ameshafunikwa shuka. Nilimwambia polisi mmoja, akanipa pole na kuniomba nikae pembeni.

Niliogopa, nisifiche. Sikuogopa kujulikana kuwa ni mwandishi. Hilo lingekuwa aibu ya siku mbili na sifa ya wiki. Niliogopa siku ambayo Wakili angefika mwisho wa uchunguzi wake akanikuta mimi, na nyuma yangu akamkuta mama yake, halafu asiniite mama tena. Hilo tu. Mengine yote ningeyamudu.

Na nilikuwa nimeanza kuamini tutavuka salama, mpaka jioni ile tukiwa mezani.

"Leo tumemkamata Bwana Fumbo," akasema, mdomo umejaa. "Amechemsha, mama. Kosa la kitoto kabisa."

"Kosa gani?"

"Sura ya saba. Watu wazima wanagombana, mama wa watu anaporomoka ngazi nzima, majirani wanavunja mlango, kelele mtaa mzima, na mtoto mchanga chumba cha pili kalala fofofo mpaka asubuhi. Tumecheka! Mtoto gani huyo, wa plastiki? Mimi ndiye niliyetoa hoja. Nikasema mwandishi alimweka mtoto ili tumwonee marehemu huruma, halafu akamsahau humo ndani. Tumepiga kura. Kabuni, tena kabuni vibaya. Mwalimu kanisifu mbele ya wote."

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili timamu angesema, hongera mwanangu, ongeza mchuzi. Lakini nilikuwa nimelibeba lile tusi la kwamba sijui kuandika tangu siku mhariri aliposema maneno hayo hayo kuhusu mtoto huyo huyo, na nikagoma kumtoa. Ukimwambia mwandishi amekosea pale ambapo hakukosea, damu inapanda kichwani.

"Msichokijua mnakipigia kura ya nini?" nikafoka. "Alikuwa amechomwa chanjo asubuhi yake! Akashikwa na homa, mama yake akampa dawa, ikamlaza. Mtoto alilala vile vile, hajui hili wala lile, mpaka nilipomwinua!"

Wakili akaacha kutafuna.

"Mpaka nani alipomwinua?"

Nikajifanya natafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

"Hakuna chanjo kwenye kitabu, mama. Nimekisoma mpaka kimelegea. Hakuna chanjo wala homa." Nikaona anapanga kadi zake kichwani, moja baada ya nyingine: miwani, fundi, duka, simu ya mchapishaji. "Ni wewe. Bwana Fumbo ni wewe."

"Ni mimi."

Alitabasamu. Mungu anajua, kwa muda mfupi alifurahi kweli, akapiga meza kwa kiganja. "Mama! Umeniacha nahangaika muhula mzima!" Halafu tabasamu likapungua, maana kazi yake ilikuwa haijaisha na hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati. "Kwa hiyo huyo mtoto ulimwona. Ni wa kweli. Yuko wapi sasa?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa na uongo wa kutosha, wa kila saizi. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya dada yangu, na nilikuwa nimechoka.

"Yuko hapa mbele yangu anakula," nikasema.

Hakulia. Ningependa angelia, kulia ninakujua. Aliinuka, akaosha sahani yake, akaifuta, akairudisha kabatini, akabaki amenipa mgongo.

"Na yule mwanaume wa kwenye kitabu?"

"Baba yako. Yuko hai."

"Alimsukuma kweli?"

"Miwani ilikuwa mezani, imekunjwa. Dada hakuwa mtu wa…"

"Sijauliza miwani. Nimeuliza uliona?"

"Sikuwepo."

"Kwa hiyo hujui." Akageuka. Sauti haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Hujui. Umeandika tu. Ukaniweka kitabuni kabla hujaniambia mimi mwenyewe. Watu wasionijua wamenisoma. Darasa zima limenijadili, wamenicheka, na mimi nimecheka nao. Nimejipigia kura mwenyewe kwamba sipo!"

Nilisema nilichoweza. Kwamba nilikuwa najiandaa kumwambia, kwamba alikuwa mdogo, kwamba nilimpenda. Yote kweli, na yote yalitoka mdomoni yamechacha. Akaenda chumbani kwake akafunga mlango polepole.

Tangu siku ile hakuniita kitu chochote. Utasema ni jambo dogo. Jaribu kuishi nalo. "Nimeondoka." "Chakula kipo?" "Daftari limeisha." Sentensi zote zilikuwa zimekatwa kichwa, na mimi nikawa nasubiri kila moja kama mjinga, labda hii itakuja na lile neno. Dukani niliharibu lenzi za mzee mmoja, ya kushoto nikaiweka kulia. Akarudi akilalamika kwamba nyumba yake imepinda, nikamjibu ovyo, ikabidi nimwombe radhi.

Halafu ikaja siku ya kuwasilisha. Wazazi walialikwa. Karatasi ya mwaliko niliikuta juu ya meza, hakunipa mkononi wala hakuniambia nisiende. Nikavaa gauni langu la heshima, nikapiga moyo konde, nikaenda kusikiliza nikitajwa. Nilikuwa nimekata shauri: akisema yote mbele za watu, nitasimama niseme ndiyo. Ni haki yake. Na kama baada ya hapo ataondoka kwangu, ni haki yake pia, ingawa hilo sikulikatia shauri, nililisema tu ili miguu isogee.

Nilikaa nyuma kabisa, kwenye dawati lililonibana magoti. Ukutani ile karatasi kubwa ilikuwa imejaa kadi. Nilitazama maisha yangu yamegawanywa kwa mstari, na lazima nikiri wale watoto walipatia mengi. Ngazi: Kaona. Polisi mvivu: Kaona. Mume kukamatwa mwishoni: Kabuni. Kadi ya mtoto ilikuwa upande wa Kabuni, na mtu alikuwa ameichorea kidoli.

Vikundi vikapita. Kimoja kikathibitisha kwamba Bwana Fumbo ni mwanajeshi mstaafu. Wazazi wakapiga makofi. Kisha ikafika zamu ya kikundi cha Wakili, na msemaji alikuwa yeye.

Alisimama, akatazama karatasi, hakunitazama mimi.

"Kikundi chetu hakikumpata mwandishi," akasema.

Wenzake wakageukiana. Walikuwa na daktari wao wa macho tayari, na michoro.

"Lakini kuna kosa tulilofanya, na aliyelianzisha ni mimi." Akaenda ukutani, akabandua kadi ya mtoto, akaibandika upande wa pili. "Huyu hakubuniwa. Mtoto akipewa dawa ya homa anaweza kulala hata nyumba ikianguka. Nilitoa hoja bila kujua."

Mwalimu alikuna shingo chini ya ile tai. "Ni dai zito hilo. Ushahidi wako?"

"Sina ninaoweza kuuleta, mwalimu."

"Bila ushahidi itabidi nikupunguzie alama, unalijua hilo."

"Nalijua."

Akarudi kukaa. Wakili wangu, asiyewahi kukubali kushindwa hata kwa saa ya ukutani! Nilitaka kusimama nipige kelele kwamba ushahidi huu hapa, umebanwa na dawati. Sikusimama. Amenificha, nikajiambia, amenihifadhi mbele ya wote, kwa hiyo nimesamehewa. Furaha ilinijaa mpaka nikaona haya, na nikaanza kupanga tutakachopika.

Watu walipoanza kutawanyika mwalimu akaja kwetu amenyoosha mkono, uso umechangamka.

"Hatimaye! Wewe ndiye mama yake? Nimekuwa nikitaka kukuona. Huyu mtoto wako ana kichwa, hata leo alivyonigomea…"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo, mimi ndiye. Wakili akaniwahi.

"Mama yangu alifariki, mwalimu. Nikiwa mchanga. Huyu ni mama mdogo."

Alilisema kwa adabu tu, bila kisasi, kama mtu anayemrekebishia mgeni njia. Mwalimu akababaika, mkono bado uko hewani. Akaniambia, "Oh, samahani sana. Poleni. Pole kwa kufiwa na dada yako."

Katika mji ule hakuna mtu aliyewahi kunipa pole ya dada yangu, maana hakuna aliyejua kwamba nilikuwa naye. Nilikuwa nimemzika mara mbili, mara ya pili mimi mwenyewe, ili niitwe mama. Nilishika mkono wa yule kijana nikalia pale pale mbele ya wazazi wenzangu, kilio cha msiba hasa, kamasi na yote, mpaka mtu akaniletea kiti.

Wakili alisimama kando yangu mpaka nilipomaliza. Hakunigusa. Kisha akaokota mkoba wangu uliokuwa umeanguka, akauweka begani kwake.

"Twende nyumbani, mama mdogo," akasema, na mimi nikaitika.