Chumba Kinachoyumba

Fundi cherehani alikuwa akipiga pasi kola ya sare ya shule pale chumba chake kilipoinama upande wa dirisha. Pasi iliteleza, mkasi ukaifuata, halafu chumba kikainama upande wa pili na vyote vikarudi. Akaichomoa pasi, asije akaunguza nguo ya watu.

"Mume wangu yuko hai," akamwambia mama mkwe wake. "Yuko juu ya kitu kinachoelea."

Mumewe alikuwa fundi wa mitambo katika meli ya mizigo iliyozama wiki iliyopita. Mama mkwe alikuwa ameshanunua kitambaa cheusi. Alikitazama kikombe chake kikienda na kurudi mezani, akakikamata.

"Ndiye huyo huyo," alisema. "Hata tumboni hakutulia."

Akakichana kile kitambaa vipande virefu, wakafungia kabati ukutani.

Haikuchukua muda wakagundua kwamba mtu akikaa upande unaoinuka, chumba kinatulia kidogo. Basi majirani wakaja kukaa. Kinyozi alikuja na wateja wake, wengine wamenyolewa nusu. Mama wa duka, ambaye unene wake haukuwahi kushukuriwa na mtu, alipewa kiti kizuri. Kila mmoja alisali kwa namna yake, wengine huku wakimenya viazi.

Mtu wa kampuni ya meli alikuja mchana mmoja bahari ilipochafuka. Aliingia na tai yake, akaserereka mpaka ukutani, akaomba beseni. Alipomaliza kutapika alisema kampuni inasikitika: msako unasitishwa leo, kwa kuwa hakuna dalili ya uhai.

"Pole, baba," alisema fundi. "Kilichokutapisha ni nini?"

"Mawimbi."

"Ya wapi?"

Mtu wa kampuni akajipangusa mdomo. Mara chumba kikainama vibaya mno.

"Wewe baba, hamia huku! Upesi!" mama mkwe akafoka.

Akahamia. Alibanwa kati ya kinyozi na mama wa duka, wakaegemea wote kwa pamoja, wakihema, mpaka sakafu ikarudi taratibu. Alifurahi kuliko wote, hata akampiga kinyozi begani. Kisha akanyoosha tai na kurudia kwamba msako umesitishwa.

"Kumpakia kwenye chuma chakavu mliweza," fundi akasema. "Kumfuata ndiyo mmeshindwa?"

"Mimi nimetumwa tu, dada."

"Basi nami nakutuma. Kawaambie Mungu hajamwachia mkono, na sisi hatumwachii."

Akamsindikiza hadi mlangoni, wote wawili wakishika ukuta.

Kesho yake meli nyingine ya kampuni ile, kuukuu vile vile, iling'oa nanga. Jioni akaja mama mmoja wa mtaa wa pili, ambaye mwanawe ndiye mpishi wa meli hiyo. Alisimama mlangoni akauliza kabati wanalifungaje, maana lake nalo limeanza kuserereka.

Fundi akamchania kipande cha kitambaa cheusi, akamwonyesha fundo. Kisha akamwomba akae kwanza upande wa dirisha, maana ulikuwa unainuka.